Olwen na Kilengeo cha Marehemu Gilbert

Olwen Preece hakuwahi kufyatua bunduki hata siku moja. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa kwetu hawaliamini. Wanaona kila timu ya baa, kuanzia hapa Temeford hadi mpakani mwa Wales, ikimpelekea bunduki zake za upepo, zile za kizamani zilizotengenezwa kabla babu zetu hawajaenda vitani, basi wanadhani mwanamke huyu lazima awe mlengaji wa kutisha. Niliwahi kumuuliza kama hatamani kujaribu. Akaniambia wengine wanataka kujua risasi imekwenda wapi, yeye anataka kujua kwa nini imekwenda huko.

Ndivyo alivyo. Ukipanda naye basi la Worcester atakuuliza kwa nini soli ya kiatu chako cha kushoto imelika zaidi ya cha kulia, na ukimwambia hujui, atakusumbua mpaka mfike. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sipendi kuulizwa mambo ya soli zangu. Lakini nimekaa jikoni kwake mara nyingi kuliko nilivyokaa kanisani, na kikombe changu pale nakijua.

Alizaliwa milimani upande wa Wales, binti wa mchunga kondoo. Akiwa na miaka kumi na mitano alishuka Worcester kufanya kazi kwenye karakana ya miwani, akakaa miaka thelathini na moja akikata vioo na kukaza skrubu ndogo kama punje za ufuta. Mumewe, Ivor, alikuwa mchezaji wa timu yetu. Siku moja Ivor alichokonoa kilengeo cha bunduki yake kwa bisibisi ya jikoni mpaka kikalegea, na kwa aibu akakificha kwenye soksi. Olwen alikikuta siku ya kufua, akakigeuza geuza, akatoa vifaa vyake vya miwani na kukirudisha mahali pake. Timu nzima ikajua. Ivor alikufa mwaka wa sitini na nane, bunduki zikaendelea kuja.

Kilengeo ninachokisema ni kile kipunje cha chuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu. Nyuma, karibu na jicho, kuna kibati chenye pengo. Unakiweka kipunje katikati ya pengo, unaweka vyote viwili juu ya unachotaka kukipiga, unafyatua. Kwenye bunduki hizi za kale kipunje hakikufungwa kwa skrubu. Kimechomekwa kwa ubavu kwenye mfereji mdogo uliokatwa kukingama juu ya mtutu, nacho hakishikiliwi na chochote ila kubana kwake. Ukikisogeza upana wa unywele, risasi inahama upana wa kidole. Kwa hiyo watu wenye akili hawakigusi, na wasio na akili hukutwa Jumatatu jikoni kwa Olwen.

Mchezo wetu ni wa kengele. Ukutani mwa baa linatundikwa bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe isiyokauka, na katikati yake kuna tundu unaloweza kuliziba kwa ncha ya kidole kidogo. Nyuma ya tundu kuna kengele. Mlengaji anasimama umbali wa hatua saba na kufyatua. Risasi ikipita tunduni, kengele inalia, pointi tano. Ikipiga bamba inaacha doa jeusi, na mtu anayesimama pembeni nyuma ya ubao, tunamwita msomaji, anachungulia, anatangaza pointi na kupitisha brashi kulifuta doa. Baadaye tunakula mkate, jibini na vitunguu vya siki, tunakunywa pombe ya tofaa na kusingiziana wizi.

Mimi, Clem Jukes, ni nahodha wa timu na ndiye msomaji. Nilimsomea Gilbert Munn kwa miaka kumi na tisa. Gilbert alikuwa muuza maziwa, mjane, mtu mpole asiye na maneno mengi, na hakuna aliyeililiza kengele kama yeye. Alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Kila akifyatua alikuwa akiniuliza, "Iko wapi, Clem?" Hata kengele ikiwa bado inavuma ataniuliza. Nami nitamjibu, "Ndani, Gilbert." Timu pinzani zilichukia sana, zikiona ni maringo. Sisi tulicheka mpaka machozi.

Alikufa mwezi wa Aprili, usingizini. Bunduki ikaenda kwa binti yake wa pekee, Rhona, mpishi wa shule, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Mwezi wa Septemba Rhona akaja baa na bunduki imefungwa kwenye blanketi, akaniomba nafasi ya baba yake. Nilimpa kwa heshima ya marehemu. Sikutarajia makubwa, na nilichopata kilikuwa kidogo zaidi ya hapo. Alisimama vizuri, alishusha pumzi vizuri, alifyatua bila kutikisika, na risasi zote zilikwenda kushoto, vidole viwili, mahali pale pale pamoja kama mbegu ndani ya tofaa. Nikamwambia alenge kulia. Lakini kulia kwenye bamba jeupe hakuna kitu cha kulenga, kuna weupe mtupu, na hapo hata pamoja hazikukaa tena.

Wiki nane zikapita hivyo. Fainali ya kombe ilikuwa Ijumaa ya tarehe kumi na sita Novemba, na vijana walikuwa wameshaanza kuninong'oneza jina la shemeji yangu, Sid Bytheway, ambaye hana adabu lakini risasi zake zinajua njia. Nilimwambia Rhona ukweli: asipoanza kupiga katikati kabla ya Ijumaa hiyo, Sid ataingia. Aliinamisha kichwa. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba yeye kombe halimshughulishi sana. Alitaka kusimama pale baba yake aliposimama, mara moja tu ipasavyo, kwa sababu baba yake alikufa akiwa amemkasirikia, na hakupata nafasi ya kuyamaliza.

Hapo nikafanya ujinga. Nilichukua bunduki, nikailaza juu ya kaunta, nikaleta nyundo na msumari wa chuma. Risasi zinakwenda kushoto, kipunje kisogezwe kushoto, hilo nalijua hata nikiwa nimekunywa, na nilikuwa nimekunywa. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili, msumari uliteleza na kuuchora mtutu mstari mweupe wa urefu wa njiti ya kiberiti. Sid alipiga makofi. Rhona aliiokota bunduki ya baba yake, akaifunga kwenye blanketi polepole, bila kunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa Olwen.

Jikoni kwake kuna meza yenye jiliwa la kubania vyuma mwishoni, meno yake yamevishwa ngozi ya glavu za zamani. Olwen, mwembamba, nywele fupi za mvi, kioo cha kukuza kikining'inia kifuani kwa uzi, hakuisogeza bunduki kwenye jiliwa. Aliielekeza kwanza kwenye ukuta wa mawe usio na mtu nyuma yake. Akaangalia kama imekokiwa. Akageuza kile kijibomba kilichoko juu ambamo risasi hudumbukizwa, akakiangalia, kisha akapitisha ufito mwembamba wa mbao kutoka mdomoni mwa mtutu. Kitu kikadondoka mezani na kubiringika mpaka kwenye bakuli la sukari. Ilikuwa risasi.

Hakupaza sauti. Alinigeukia.

"Nani ameigonga hii kwa nyundo?"

Nikasema ni mimi.

"Huku umeielekeza wapi, Clem?"

Nilikumbuka kaunta, na Sid aliyekuwa amesimama upande ule akipiga makofi. Ni kweli haikuwa imekokiwa, na bila upepo risasi ile isingekwenda popote. Lakini hilo sikuwa nimelihakikisha. Naweza kusema tangu siku hiyo siigusi bunduki, hata ya kuchezea watoto, kabla sijaifungua na kutazama ndani.

"Ukae pale," Olwen alisema, akinionyesha kiti cha paka. Nikakaa.

Rhona alimwomba akisogeze kipunje mpaka katikati, basi. Kazi ya dakika kumi, alidhani. Olwen alikubali kwa kichwa, akawasha taa, akainamia ncha ya mtutu na kile kioo chake, na hapo dakika kumi zikawa nusu saa. Alikuwa akitoa sauti ndogo puani, zile anazotoa anapofurahi. Hatimaye akamwita Rhona aangalie. Juu ya mtutu, mkabala na kipunje, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba ulionyooka, wa kiwandani, unaoonyesha katikati. Kulia kwake kulikuwa na mikwaruzo mitatu, kila mmoja umeupita uliotangulia, na kipunje kilikuwa kimesimama juu ya ule wa mwisho. Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa kutu ya mafuta. Wa tatu ulikuwa bado unang'aa kidogo.

"Hakikuteleza hiki," Olwen alisema. "Kuna mtu amekisogeza, mara tatu, kwa miaka. Kwa nini?"

Nikasema labda mtutu umepinda. Aliuelekeza mtutu dirishani mwanga ukapita ndani yake, akachungulia, akasema umenyooka kuliko mimi. Nikasema labda Gilbert alizeeka mkono. Mkono ukizeeka, akajibu, risasi zinatawanyika, hazihami pamoja. Hapo akaanza kuniuliza, na safari hii sikuudhika, maana nami niliingiwa na hamu ya kujua. Gilbert alikuwa akisimamaje miaka ya mwisho? Kichwa alikiwekaje? Aliacha nini alichokuwa akikifanya zamani?

Nilifikiri. Nilisema alikuwa akigeuza uso kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nilisema aliacha kucheza karata, akidai zimemchosha. Aliuza gari la maziwa mwaka wa sabini na sita kwa sababu ya goti.

"Goti lipi?"

Sikujua. Nilijaribu kumwona Gilbert akichechemea, nikashindwa.

Olwen aliweka kioo chini. Miaka thelathini na moja ya miwani, alisema, ameona watu wa aina moja wakiingia karakanani kwa wingi. Ni wale ambao jicho limeliwa katikati. Pembeni wanaona, mbele moja kwa moja hawaoni, pamekuwa na wingu. Wanajifunza kutazama kando ya kitu ili wakione. Mtu kama huyo akishika bunduki, hawezi kujua kipunje kiko katikati ya pengo, kwa kuwa hapo katikati ndipo pasipoonekana. Atakisukuma mpaka kiguse ukingo mmoja wa pengo, maana ukingo anauona. Risasi zitahamia upande huo. Na kama ni mtu mwenye subira, atakisogeza kipunje kiifuate hitilafu, na kengele italia tena.

"Hayo ni mawazo yangu tu," aliongeza. "Kabla sijakitoa nataka kujaribu. Nikishakitoa hatutajua tena."

Rhona alirudi nyuma hatua moja mbali na meza. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nikadhani ni habari ya ugonjwa wa baba yake. Sikuwa nimeelewa.

Jumapili alasiri baa hufungwa, na ufunguo ninao. Nilipaka bamba rangi, nikaingia nyuma ya ubao wangu. Olwen, aliyevaa koti lake la kanisani, alisimama nyuma ya Rhona na kumkataza mtu mwingine yeyote asipite mbele ya mstari, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. Akamwelekeza: asikiweke kipunje katikati, akisukume mpaka kiguse ukingo wa kulia wa pengo, na asilitazame tundu. Aitazame picha ya farasi iliyotundikwa kando ya bamba, tundu aliache lionekane lenyewe pembeni mwa jicho.

Rhona aligeuza uso kidogo. Nilipouona mgeuko ule nilimwona Gilbert mtupu.

Kengele ikalia.

Akafyatua tena, ikalia. Ya tatu ilipiga ukingo wa tundu. Ya nne ikalia. Halafu aliifungua bunduki, akaiweka mezani ikiwa tupu, kama alivyofundishwa jana yake, akaketi kwenye benchi na kuanza kulia.

Ndipo tulipoambiwa. Septemba ya mwaka wa sabini na tano Rhona alimwacha mumewe, Derek, akarudi Temeford na masanduku mawili. Baba yake alimpokea, akamchemshia mayai, hakusema neno baya. Lakini Krismasi ile Rhona aligundua kwamba baba yake hamtazami tena usoni. Akizungumza naye, macho ya mzee yanakwenda kwenye kabati, kwenye pazia, kwenye sikio lake. Alipomuuliza kama amekasirika, mzee alisema hapana, huku akiitazama birika. Miaka mitatu na nusu ikapita hivyo. Walikula chakula cha Jumapili pamoja kila wiki na hakumtazama hata mara moja, mpaka akafa.

"Nilidhani hataki kuniona," alisema.

Nilitaka kumwambia sasa anajua sivyo. Lakini Rhona si mtu wa kujidanganya, alishaliona tundu kwenye maelezo yetu kabla yangu. Jicho lilianza lini? Pengine mzee alianza kwa kumkasirikia, na upofu ukaja baadaye ukafunika hasira. Mikwaruzo ilisema ni mitatu, haikusema ya lini. Alimuuliza Olwen kama kuna njia ya kujua. Olwen alitafuta kitambaa mfukoni, akakipata, akampa.

"Ipo, mwanangu," alisema. "Kama alinisikiliza."

Hapa lazima nieleze desturi ya Olwen, ambayo wote aliowafundisha wanaishika, na wengi wetu tunaicheka. Kila anayekitoa kilengeo kwenye mtutu, kabla ya kukirudisha, anakwaruza mwezi na mwaka chini ya kitako chake, mahali pasipoonekana mpaka kitolewe tena. Aliitoa kwenye miwani, ambako mafundi huandika kwa siri ndani ya mkono wa fremu. Gilbert alijifunza kazi hiyo kwenye meza ile ile ya jikoni, mwaka aliokufa Ivor. Ila hakuna aliyejua kama alipokisogeza alikitoa kabisa, au alikigonga tu kilipo kama nilivyofanya mimi.

Jumatatu saa nne tulikuwa jikoni. Olwen aliikagua bunduki upya kana kwamba haijui, ufito ukapita mtupu. Aliufunga mtutu kwenye jiliwa, karibu kabisa na ncha, kati ya zile ngozi, na chini akaweka kigogo kilichochongwa kufuata umbo lake, ili pigo liishie kwenye kigogo na sio kwenye mtutu. Alibandika utepe wa karatasi pande zote mbili za kipunje, kuukinga mtutu usichorwe tena, na aliposema "tena" alinitazama. Akaweka alama kwa penseli mahali kilipo. Jana yake alikuwa amedondoshea tone la mafuta, likalala humo usiku kucha.

Alinionyesha mimi, maana alisema sistahili lakini nahitaji. Mfereji ule haukukatwa sawasawa, upande mmoja umebana kuliko mwingine. Vipunje vya bunduki za kwetu huku hutoka kwa kulia na kuingia kutokea kulia. Ukikigonga kinyume unakaza kabari, na ukizidi kugonga unaharibu kila kitu. Hagongi na chuma, anagonga na kijiti cha shaba, maana shaba ikiteleza huumia yenyewe. Akakiweka upande wa kushoto wa kipunje, chini kabisa kwenye kitako wala si juu, akapiga kwa nyundo ndogo ya miwani. Tik. Hakuna kitu. Tik, tik. Kikasogea.

Kilitoka kwa urahisi kuliko tulivyodhani, na chini yake ilikuwepo sababu: kipande cha karatasi ya fedha, ile inayofunika mdomo wa chupa ya maziwa, kimekunjwa mara mbili. Kipunje kilivyosogezwa kuelekea upande mpana kililegea, na Gilbert akakikaza kwa alichokuwa nacho. Nilicheka kwa sauti, nikaona haya, halafu nikaona Rhona naye anatabasamu.

Olwen alikipangusa kitako cha kipunje kwa pamba, akakigeuza. Ni kitu kidogo, hakifiki ukucha wa kidole gumba. Akakiweka chini ya taa, akainama na kioo. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akavua kioo shingoni na kumvisha Rhona.

Mimi niliona baada yake. Zilikuwa tarehe tatu. Ya chini ilikuwa Oktoba ya sabini na nane, mikwaruzo mikubwa ya kubahatisha, nambari moja imepanda juu ya nyingine na ya mwisho imekosa nafasi, ikamalizikia ubavuni. Juu yake Januari ya sabini na sita, imelala upande. Na juu kabisa, kwenye kona, ndogo, safi, iliyonyooka kama alivyokuwa akiandika risiti za maziwa, ilikuwa Februari ya sabini na tano.

Februari. Rhona alikuwa bado Gloucester na Derek, na masanduku yake yakiwa bado juu ya kabati.

Alisoma kwa sauti, mara mbili. Akakiweka kipunje mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha moto.

"Alikuwa akinitazama," alisema. "Jumapili zote zile. Alikuwa akitazama kabati ili anione mimi."

Olwen alimshika mkono. Mimi niliamka kwenye kiti cha paka nikaenda kuangalia bustani, ambako hakuna kitu Novemba. Nilikuwa na hasira na Gilbert. Mwaka mzima aliendesha gari la maziwa na jicho bovu kupita mbele ya shule, akatudanganya habari ya goti, akamwacha mwanawe aumie kwa kuona haya kusema maneno mawili. Nilimlilia vilevile. Na nilikumbuka, pale dirishani, jinsi alivyokuwa akiniuliza iko wapi, Clem, na tulivyokuwa tukicheka.

Olwen alimuuliza Rhona anataka nini. Angeweza kukirudisha kipunje alipokiacha baba yake, na yeye aendelee kutazama farasi. Rhona alifikiri, akasema hapana. Baba alikuwa akikisogeza kufuata macho yake, naye ana macho yake. Basi Olwen akampa sindano ya chuma na kumwonyesha mahali palipobaki pembeni, penye nafasi finyu. Rhona aliandika: Novemba ya sabini na tisa. Hakuwahi kushika sindano ya aina ile, nambari zikafanana kidogo na zile za chini.

Kipunje kiliingia kutokea kulia, kwa kidole mpaka nusu, kisha kwa shaba, tik, tik, mpaka kikasimama sawasawa kwenye mstari wa kiwandani. Kilibana chenyewe, hakikuhitaji kukazwa na chochote. Karatasi ya fedha Rhona aliitia kwenye pochi. Ule mchoro wangu kwenye mtutu Olwen aliupaka mafuta akakataa kuusugua, akisema atakayeifungua bunduki hii baada yetu naye anayo haki ya kujiuliza.

Siku tatu Rhona alifanya mazoezi, na risasi zikaja katikati moja moja. Sid nilimwambia akae benchi na ale vitunguu.

Ijumaa baa ilijaa mpaka mlangoni. Olwen alikuja, yeye asiyekuja kamwe, akaketi karibu na moto na kumuuliza mtu wa timu pinzani kwa nini masharubu yake yamekatwa upande. Sitasimulia mchezo wote. Zamu ya Rhona ilipofika tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Alifungua, akatazama ndani, akapakia, akasimama na uso umenyooka mbele, si kama baba yake.

Kengele ililia mara ya kwanza, kila mtu ndani ya baa akaisikia. Rhona hakugeuka. Alishusha bunduki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Iko wapi, Clem?"

Wapinzani waliguna. Watu wetu walianza kucheka, kisha wakaacha, wakanisubiri. Nilishika brashi yangu. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kulijibu swali lile kwa makini kama nilivyolijibu safari ile. Nilichungulia, ingawa hapakuwa na haja, nikahakikisha, ndipo nikamwambia.

"Ndani, Gilbert."